Senti Arobaini

Fomu ilianza na mama.
Jina la mama. Kazi ya mama. Mshahara wa mama.
Baba alikuwa ukurasa wa tatu, chini kabisa,
kisanduku chembamba kama dirisha la choo.
Nikamwuliza Bi Nowicki, dirisha namba sita,
anayemsuka mtoto nywele anajiandika wapi?
Akasema, andika palepale kwa mama, ulikate neno.
Nikalikata. Kalamu ikatoboa karatasi.

Nilipeleka vyote walivyotaka:
hati nne za mshahara kutoka kiwanda cha mikate,
bili ya gesi, kadi ya chanjo,
barua ya mwenye nyumba iliyonuka sigara,
na Odessa mwenyewe, miaka mitatu na nusu,
amelala juu ya viti viwili vya plastiki,
kiatu kimoja mguuni, kingine mfukoni mwangu.

Tukangoja wiki saba.
Toledo ikaganda, mto ukawa sakafu.
Odessa akalelewa na yeyote aliyepatikana:
dada yangu Loretta, mgongo ulipomruhusu,
mzee Dupree wa ghorofa ya chini,
aliyempa soda na kumfundisha karata,
na usiku mmoja, nalisema hili mara moja tu,
gari langu,
kwenye maegesho ya kiwanda, injini ikinguruma apate joto,
nami nikitoka mbio kila dakika ishirini
nikisingizia tumbo.

Kisha barua. Jimbo litalipa,
fungu langu dola kumi na tisa kwa wiki.
Niliisoma nimesimama kwenye ngazi,
theluji ikiyeyuka na kunishukia shingoni,
nikairudia, nikitafuta neno *lakini*.

Siku hizi, saa kumi na moja na nusu alfajiri,
Bi Verlene hufungua mlango kabla sijabisha.
Kwake kunanuka uji wa shayiri na kalamu za nta.
Odessa huingia, wala hageuki kunitazama.
Kule kutogeuka
ndiko ninakolipia.

Juzi msimamizi, Bwana Hruska, akanivuta pembeni,
unga kwenye nyusi, furaha hadi masikioni:
Lavelle, kazi yako imeonekana.
Tunakuongeza senti arobaini kwa saa.

Nikapiga hesabu kwenye kifuniko cha boksi.
Dola kumi na sita kwa wiki, kabla ya kodi.
Ningevuka mpaka wa jimbo kwa dola nane kwa mwezi,
na ukiuvuka, msaada wote unakatwa, si nusu, si robo,
na Bi Verlene, kwa bei yake kamili,
ni mia mbili na kumi kila Ijumaa.
Siku za mwizi ni arobaini.
Senti zangu nazo arobaini,
na sijaiba kitu.

Nikamwambia, asante, Bwana Hruska. Labda mwakani.
Akanitazama kama mtu aliyenyosha mkono
ukabaki hewani.
Nilimsikia baadaye, karibu na tanuri namba mbili:
*wengine hata ukiwainua, hawainuki.*
Nikaendelea kupanga trei.
Mkate ulikuwa mzuri siku ile, maganda yakilia
tik, tik, yanapopoa.

Jioni, kwenye gari, Odessa alinihesabia
alichofundishwa, akigusa kioo kwa kila namba:
kumi na sita, kumi na saba,
kumi na nane, ishirini.
Nikamwuliza, na kumi na tisa je?
Akapangusa ukungu kwa kiganja, akatazama nje.
Imelala, akasema.