Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

Daraja lilikuja Jumanne kwa posta,
jeusi, zito kama kufuli la ghala,
na Shaweji akalitua mezani, kando ya chapati za jana,
kwa adabu ya mtu aliyeleta posa.

Mama, la zamani limekufa makali.
Makali gani? Gitaa si panga.
Akanionyesha: ncha mbili nyembamba
zinazoegemea nguzo mbili za chuma na kubembea.
Miaka ya kubonyezwa imezila,
kwa hiyo sauti ikishaondoka
hairudi tena kwao.

Nikanyamaza.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Ndiyo Sheffield hii, mji wa visu,
na mimi ni dereva wa tramu, zamu ya usiku,
Halfway hadi Malin Bridge, Malin Bridge hadi Halfway,
mvua ikiandika kiooni nami nikifuta.
Asubuhi ile sikulala.

Tulilegeza vibano vitatu vya shingoni.
Nyuzi sita zikapoa, zikalala kama nywele zilizofumuliwa.
Tukaligeuza gitaa kifudifudi juu ya taulo,
tukafungua kidirisha cha mgongoni:
springi tatu, vumbi,
na sarafu ya peni tano iliyoingia haijulikani lini.

Hizi kazi yake nini?
Zinavuta nyuma, Mama. Nyuzi zinavuta mbele.
Nguvu zikilingana, daraja linaelea.

Nilicheka hadi nikaketi.
Mwanangu, miaka tisa Tanga nimeshona sare za shule
kwa cherehani ya miguu.
Uzi wa juu, uzi wa bobini:
mmoja ukizidi kuvuta, mshono unakunjamana;
ukizidi kulegea, unatoa vitanzi.
Na gauni likipendeza
watu husifu kitambaa.

Basi tukajiona mafundi.
Tukapachika lile jipya. Likagoma.
Milimita moja!
Nguzo na nguzo zimepishana unene wa ukucha.
Shaweji akataka kulisukuma kwa kiganja;
nikamshika mkono.
Mti hauna mdomo, ila ukipasuka
umeshasema.

Bwana Hallam wa ghorofa ya chini,
aliyenoa mikasi kiwandani mpaka kiwanda kikageuzwa fleti,
alitazama yale matundu, akaingia ndani,
akatoka na mpini wa tupa, mti mgumu, mweusi kwa jasho lake.
Akaukata vipande viwili. Hakutaka shukrani.
Alichotaka ni kwamba saa tatu usiku
kelele ziishe.

Gundi. Siku mbili za kungoja.
Nikatoboa upya mwenyewe, pumzi nimeizuia
kama siku ya kukata kitambaa cha bibi harusi.

Kisha kusawazisha, na hapo ndipo kazi.
Kaza uzi mnene, watano wananuna.
Wabembeleze watano, ule mnene unalala.
Mwamba ngoma huvutia kwake,
na hapa waambaji ni sita.
Nikakumbuka mwezi wa Machi:
nilimtumia Mwanahawa ada, paa la mama likavuja;
nikatuma ya bati, umeme wangu ukakatika,
tukala gizani, tukisema tumependa.

Robo zungusho mbele. Robo zungusho nyuma, kwenye springi.
Mbele. Nyuma.
Saa kumi na moja jioni daraja likasimama sawa na kifua cha gitaa,
nami karatasi ya mkate ikapita chini yake bila kugusa.

Shaweji akachomeka fimbo, akaisukuma chini kabisa.
Sauti ikazama, ikazama,
nikadhani imetutoka.
Akaachia.

Ikarudi.
Uzi wa tatu tu ulibaki nyuma, upana wa unywele.
Alisikia. Nilisikia.
Hakuna aliyesema.
Nikavaa koti la kazi, nikachukua lile daraja la zamani,
nikaliweka juu ya bili za dirishani zisipeperuke,
nikashuka ngazi.
Mlangoni kwa Bwana Hallam
taa ilikuwa inawaka, redio imezimwa.