Kumbi

Wazee walisema kumbi. Sisi twasema ukumbi.
Herufi moja imeongezeka mbele, gharama ikafuata:
elfu mbili na mia tano kwa siku, risiti ya kaunti,
viti vya plastiki visiguswe,
ufunguo wa choo kwangu.

Desemba, Tononoka. Wavulana kumi na tisa
wa Majengo, wa Mwembe Tayari, wawili wa Mishomoroni
walioletwa na mama zao kwa tuktuk
kama mtu apelekavyo redio kwa fundi:
"Mtengezeni huyu. Haneni."

Simu zao zimo ndani ya sufuria ya pilau,
kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko.
Usiku sufuria hunguruma.
"Mama zao hao," asema Dzombo,
"wameshasahau tulivyopatana."

Dzombo aliendesha winchi bandarini miaka ishirini na saba.
Anawafundisha kushona kifungo.
Anasema kontena halishushwi kwa hasira,
kisha hasemi maana yake, anatia uzi sindanoni.
Mwanasiti, nesi mstaafu wa wodi ya wanaume,
hutaja kila kiungo kwa jina lake
bila kupepesa jicho. Siku ya kwanza wanacheka.
Siku ya pili wanamfuata mpaka jikoni, mmoja mmoja,
wakijifanya wanataka maji.

Na mimi? Nyakanga si mimi, sina ngoma.
Ngariba si mimi, kisu kilishahamia hospitali.
Kwenye fomu niliandika "mwelekezi".
Karani akakata kwa wino mwekundu,
akaandika "mlinzi".

Usiku wa nne taa huzimwa, zamu inageuka.
Kila mvulana ana swali moja kwetu
nasi tumeapa hatutadanganya.
Mengi ni ya mwili. Mengine ni ya pesa.
Mmoja akamuuliza Dzombo kama alishawahi kumpiga mkewe.
Feni ilizunguka, ikazunguka.
"Mara moja," akasema Dzombo. "Themanini na tisa.
Ule mlango bado nauona."

Ndipo Msellem, yule asiyenena,
yule redio, akatoa sauti kama ya mtu mzima:
"Na wewe, nani alikuvusha?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ijumaa.
Daktari alikuwa akizungumza habari za mpira na mwenzake,
hata sikujua ameshamaliza.
Baba akaninunulia soda ya machungwa,
akanifunga leso ya mama kiunoni
na siku tatu kitandani nikayasoma maandishi yake
kichwa chini, miguu juu:
NIMEKUWEKA MOYONI USIULIZE ULIPO.
Jumatatu nikarudi shule, nikitembea kama bata.
Hakuna aliyeniambia neno.
Nikangoja. Nilidhani wanatafuta wakati.
Nina miaka thelathini na minne siku niliyomwosha baba,
nimeuinua mgongo wake kwa mkono mmoja,
maji ya mkunazi yanatiririka kwenye kiwiko changu,
na wallahi bado nilikuwa nangoja aseme.

Hayo yote sikuyasema.
Nilisema, "Hakuna."
Nikaongeza, kwa kuwa tumeapa:
"Hakuna aliyenivusha."

Sikuona ni nani aliyeanza.
Nilisikia ukindu ukikwaruza saruji,
mkeka mmoja, halafu wa pili,
mtu akakohoa, mtu akanung'unika "sogea basi",
nafasi ikapatikana, upana wa mtu mmoja.
Mahali pangu pa kulala ni mlangoni, kwenye kiti.
Nilikwenda nikajilaza pale katikati,
Msellem huku, kule mtoto wa Mishomoroni
asagaye meno usiku kucha,
rundo la funguo likinichoma ubavu.

Alfajiri Mwanasiti alipita na daftari kuhesabu vichwa.
Alihesabu, akasimama,
akarudi mwanzo wa safu akahesabu tena
kwa kidole.
"Ishirini," akasema, akaandika.
Akaenda kuongeza maji ya uji.