Kutoa kwa Kukopa

Ukurasa wa sitini na tatu. Mfugaji ana kondoo 302.
Akauza 187. Je, amebaki na wangapi?
Nimeandika ubaoni hivyo hivyo, neno kwa neno,
chaki ikikwaruza kwa baridi, jiko la makaa likikohoa pembeni
na Mama Tsermaa akilichokonoa kwa chuma.
Darasa la tatu. Watoto kumi na tisa.
Kumi na mmoja hulala bwenini; kwao ni mbali,
ng'ambo ya milima ambayo hadi mwezi wa nne
haijaivua theluji.

Nikaanza kama nilivyoanza miaka ishirini na miwili:
mbili toa saba, haitoki. Nenda kwa jirani ukakope.
Jirani ni sifuri.
Jigmed akanyoosha mkono, mkono wenye ufa wa baridi.
"Mwalimu, asiye na kitu anakopeshaje?"
Anakwenda kwa mia, nikasema. Anakopa, ndipo anakopesha.
"Kama baba na daftari la duka."
Hakuna aliyecheka.
"Na atalipa lini?"

Nikageukia ubao, nikajifanya natafuta chaki.
Kukopa harusi, kulipa matanga,
na mimi miaka yote hiyo
nilikuwa nafundisha harusi peke yake:
mbili inachukua, inashiba, somo linakwisha,
na sifuri wa watu amebaki katikati
na deni ambalo kitabu hakina ukurasa wake.

Nikalifuta lile neno kwa mkono wa sweta.
Nikatoa mfukoni noti ya elfu kumi.
Mama Tsermaa, nivunjie hii.
Akaacha chuma, akajipapasa, akahesabu kwa vidole vyeusi
noti kumi za elfu elfu.
Je, nimekopa? "Hapana."
Nina deni? "Huna."
Nimepungukiwa?
"Bado ni ileile," akasema Nomindari, "ila imekuwa nyingi."

Basi. Mia moja inavunjwa, inakuwa makumi kumi.
Kumi moja linavunjwa tena.
Mbili, tisa, kumi na mbili.
Hakuna anayebisha hodi kwa mtu.
Penseli zikakimbia, na nikaisikia ile sauti ninayoipenda
kuliko mshahara, sauti ya darasa zima likielewa:
pumzi kidogo, puani.

Mia moja kumi na tano, aliandika Jigmed,
akapiga mstari chini yake mara mbili.
Na chini ya mstari, kwa herufi ndogo:
*Aliuza, au walikufa?*

Nikamwambia jibu ni lilelile.
Naam, nilisema hivyo.
Akanitazama kama watu wanavyoitazama mizani ya dukani.

Ijumaa nikawaagiza: Jumatatu kila mtu na vyake vya kuhesabia.
Wakaja na vifungo, visoda, mbaazi kavu ndani ya soksi.
Jigmed alikuja akiburuta gunia la unga
lililoletwa na mjomba wake kwa pikipiki.
Shagai. Vile vifupa vya kifundo
ambavyo watoto wa huku huvirusha wakicheza:
upande huu farasi, huu ngamia, huu kondoo, huu mbuzi.
Vilikuwa vipya. Vilichemshwa, vikasuguliwa vikawa vyeupe,
na vichache vilikuwa bado vinanuka mafuta.

Tukavipanga kumi kumi kwenye makopo ya chai.
Makopo yakatuishia, tukatumia kofia.
Makumi arobaini na moja,
na viwili juu ya kiganja cha Nomindari.
Mia nne kumi na mbili! wakapiga kelele,
maana hakuna darasa katika shule yetu
lililowahi kuwa tajiri namna ile.

Kila kondoo huacha viwili tu, mguu wa nyuma huu na huu.
Hilo analijua hata mtoto wa chekechea hapa.
Na ratiba yangu wiki ile, kwa wino mwekundu,
ilisema: kugawanya kwa mbili.

Nikafungua ukurasa wa kuzidisha.
Nikasema leo tutazidisha, tena kwa sauti kubwa mno.

Jioni, nikikusanya madaftari, nikaliona la Jigmed.
Pembezoni, kwa penseli nyepesi, alishagawanya,
akaandika jibu bila kizio, bila neno, tarakimu tatu.
Sikuweka alama ya vema.
Lilikuwa sahihi.