Bahasha ya Kundi la Tatu

Kazi yangu ilikuwa kufungua bahasha.
Mia mbili na arobaini, karatasi nzito ya kaki,
zisizopenyeka kwa jicho hata uziinulie taa,
maana Daktari Ludomir alisema huruma
ndiyo mdudu wa kwanza kutoboa takwimu.

Kundi la kwanza, bwawa la maji ya moto.
Kundi la pili, mipira ya kuvuta, ngazi, na kijana mwenye filimbi.
Kundi la tatu, kijitabu cha kurasa nane
na simu yangu, kila Alhamisi, saa nne asubuhi.
Vidonge hakuna. Hilo ndilo lilikuwa swali:
kiungo kinachouma kitabembelezwa na nini
duka la dawa likifungwa?

Bogumiła aliingia amelishika bega la kulia
kama anayezuia mlango usisukumwe na upepo.
Miaka thelathini na miwili kiwandani, hapa hapa Łódź,
uzi ukikatika, unaunga, ukikatika, unaunga,
mkono juu, mkono juu,
hadi kiwanda chenyewe kikakatika
na hapakuwa na wa kukiunga.

Nikachana bahasha mbele yake. Tatu.
Akakipima kijitabu kiganjani
kama aliyeuziwa nyama yenye mfupa mwingi.
"Mimi nilileta nguo ya kuogelea," akasema.
Ilikuwa mfukoni, ya buluu, bado ina karatasi ya bei.

Alhamisi ya kwanza:
Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni namba ngapi?
"Nane."
Ya pili: "Nane. Na wewe una mafua."
Ya tatu: "Kumi ndiyo ipi?
Ile ya kumzaa Wiesia, au ile ya kumzika?"
Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti;
mimi nilishika kalamu tu.
Nikaandika nane.

Mwongozo ulisema: simu isizidi dakika mbili.
Nilijifunza kupika supu ya viazisukari vyekundu.
Nilijua jirani yupi anaiba magazeti,
na kwamba waya wa simu yake ulifika dirishani, usifike jikoni,
kwa hiyo alizungumza amesimama,
akihamisha kipokezi, kushoto, kulia,
kulia muda mrefu zaidi.

Wiki ya kumi na mbili:
"Leo nimeanika mashuka. Kamba ya juu."
Namba ngapi?
"Hukunisikia? Kamba ya juu."

Majedwali yalipotoka, bwawa lilishinda, kwa unywele.
Mipira nayo, kwa unywele.
Lakini kundi la tatu, lililowekwa pale lisipate nafuu,
lilipata nafuu.
Daktari alivua miwani. "Kelele," akasema,
na neno hilo kwao lina maana yake ya kitaalamu.
Nilitazama zulia.
Dakika arobaini mara kumi na mbili.
Huyo mmoja. Sikuwahesabu wengine.

Utafiti ulikwisha Machi.
Waliokosa bwawa wakapewa bwawa.
Alhamisi moja, saa nne, simu ya ofisini ikalia.

"Sita," akasema, kabla sijauliza.
"Nimekwenda huko kwenye maji yenu.
Yana moto, sikatai.
Ila watu wanaelea kimya kama maandazi."

Sikuwa na fomu tena.
Nikavuta kiti.