Umeruka Tanbihi

Siku ya kwanza alihesabu ngazi kwa fimbo.
Saba, akasema, na ya nne imemeguka.
Mimi mwaka wa kumi na moja nazipanda,
sikuwahi kujua ya nne imemeguka.

"Naitwa Kalunde. Mwaka wa pili, Sheria.
Nataka kile kitabu cha ardhi."
Nikamwekea mezani, kurasa mia sita na kumi,
nikaona nimehudumia.
Akakifungua. Akakinusa.
Akaniuliza, bila ukali wowote,
"Sasa hiki kinaanza kuongea saa ngapi?"

Mashine ya nukta nundu tunayo, jamani, tusisingiziwe.
Imo kabatini, na nailoni yake haijatolewa.
Ililetwa na wageni, tukapiga picha, tukala pilau.
Ufunguo anao Afisa Ugavi,
na Afisa Ugavi alihamia Nzega mwaka juzi.

Basi nikamsomea mimi.
Mchana, watu wakienda kula,
tulijibanza chumba cha magazeti ya zamani
chini ya kibao cha KIMYA,
mimi na sauti hii ninayouzia asali Jumapili pale stesheni,
nainong'onesha Mahakama ya Rufani
utadhani tunamteta mtu.
Treni ya Mpanda ikipiga honi tunaisubiri ipite,
kisha tunarudi kifungu cha tano.

Siku ya tatu nilichoka.
Chini ya ukurasa palijaa maandishi mithili ya sisimizi,
nikayapita kwa kunyata,
kama unavyopita mlango wa anayekudai.
"Umeruka," akasema.
"Nini?"
"Sijui nini. Ningejua ningekuja kusomewa?
Ila pumzi yako imeruka mtaro."
"Ni tanbihi tu, dada."
"Kaka Msagata, wenzangu tanbihi zao wamenyofolewa?
Au wao huachiwa wachague wenyewe cha kuruka?"

Niliona aibu ya muuza asali
aliyefumwa anachanganya maji ya sukari.
Maana nilishaanza kujisifu,
kwa mke wangu, kwa shemeji, kwa kinyozi wa Isevya:
nina kipofu wangu namsomea.
Wangu! Kama mbuzi.

Nikarudi juu. Nikasoma sisimizi mmoja mmoja.
Na humo ndimo alimokuwa amelala mama mmoja
aliyerudishiwa shamba lake
kwa ushahidi wa minyaa aliyoipanda mpakani akiwa bibi harusi.
Kalunde akapiga meza kwa kiganja: "Hii! Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta!"
Mtu akachungulia mlangoni, kidole mdomoni,
akatuonyesha kibao.
Alimwonyesha hata Kalunde.

Jioni ile nilisimama kizingitini nikimtazama Nkwabi,
yule wa baiskeli ya magurudumu matatu.
Ameegesha chini ya ngazi, ametoa kikaratasi,
anamtuma mwenzake: kitabu fulani, namba fulani.
Huletewa alichotaka.
Kila siku huletewa kile kile alichotaka.
Hajawahi, masikini,
hapana, hilo neno nalifuta,
hajawahi kukosea rafu,
akavuta cha jirani yake, akakifungua kwa udadisi tu,
akazama humo mpaka tuzime taa.

Nimeandika barua. Si ndefu.
Fundi mmoja, saruji mifuko minne, mchanga upo.
Ufunguo. Ukikosekana ufunguo, nyundo.
Chumba kimoja ambamo kusoma kwa sauti si kosa.
Mkuu amenijibu kwa mdomo, kwenye korido, akitembea:
bajeti, Msagata, bajeti, tuone mwezi wa saba.

Kalunde yuko ukurasa wa mia mbili na nne.
Kesho nije na maji ya kunywa, amesema,
sura inayofuata nusu yake ni tanbihi.
Matobolwa ataleta yeye.
Na ile ngazi ya nne bado imemeguka.
Siku hizi naisikia kwa mguu.