Fomu ya Halina

Daktari alichora tumbo kwa kalamu nyekundu,
akalipiga mstari: "Hiki tunatoa.
Utabaki nacho hiki, kama ndizi moja."
Halina akacheka. Ndizi!
Yeye aliyelelewa kwa viazi na mafuta ya nguruwe,
na mama asiyekubali sahani irudi na kitu.

Wiki ya tatu sasa fomu inalala mkobani,
imeshapata doa la siagi.

Dada yake husema kisu ni njia ya mvivu.
Dada, sindano tangu azaliwe.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa;
na mwembamba, je, anamjua nani?
Mara nne Halina amepungua,
mara tano zimerudi:
kilo zinajua njia ya nyumbani kuliko paka.

Leo, baada ya zamu, ameiacha tramu
vituo viwili kabla ya kwake,
theluji ya Lodz ikilia chini ya viatu vipya.
Ngazi sitini na nne.
Ghorofa ya pili akaketi, akahema,
akaitandaza fomu gotini,
akaandika jina. Jina tu.
Pa tarehe akapaacha,
akashika ukuta,
akaendelea kupanda.