Mezani kwa Felismina

Mvua ya Minho haina adabu, huingia bila hodi.
Januari nzima imekaa juu ya paa letu,
na mama amewasha jiko la kuni mapema
ili apime chungwa.

Si utani. Ana mizani ndogo ya rangi ya maziwa
aliyopewa na muuguzi Ivone,
na daftari la shule lenye picha ya farasi.
Chungwa bila ganda: gramu mia na arobaini.
Sukari: kumi na tatu hivi.
Anaandika, analamba kidole, anafunga daftari,
kisha anakula nusu, kipande kimoja kimoja,
kama asomaye barua iliyochelewa.

Nusu ya pili humpelekea baba.

Baba hana kisukari. Baba ana moyo
unaokatakata kama redio ya betri chakavu,
na kidonge cha waridi cha kuilainisha damu.
Herminio, aliyelelewa kwa supu ya sukumawiki,
aliyeinywa alfajiri kabla ya machimbo ya mawe
na kuinywa tena akirudi na vumbi kwenye kope,
leo ameambiwa: kiasi,
na kiasi kilekile kila siku.
Ndani ya jani mna vitamini K,
na K huisaidia damu kuganda.
Kidonge huvuta huku, jani huvuta kule,
na kamba yenyewe ni mtu.

"Chungwa lina K ngapi?" aliuliza.
"Karibu hamna," alijibu Ivone.
"Basi hilo ni tunda la wagonjwa."
Mama akadakia: "Na sukuma ina sukari gani?"
"Kidogo mno."
"Basi hilo ni jani la wajane."
Alicheka Ivone peke yake.

Mimi, niliyerudi kutoka Lyon na sanduku moja,
nilikesha na takwimu, gramu mia kwa gramu mia.
Utotoni, kila nikipiga chafya
nilinyweshwa maji ya machungwa kama maji ya baraka;
kumbe kwa vitamini C sukuma mbichi
inalipita chungwa karibu mara mbili!
Chokaa ya mifupa: sukuma.
Nyuzinyuzi: sukuma.
Madini ya chuma: sukuma tena, bila huruma.
Chungwa likabaki na utamu wake
na haya kidogo.

Lakini nani huku hula sukuma mbichi?
Mama huikata nyembamba kama uzi wa kushonea,
huitosa kwenye maji yanayotokota,
na sehemu ya ile C niliyoisifu
huishia majini, nyingine hupotelea motoni.
Chungwa halidai kuni. Linadai kucha tu.
Tena chuma cha jani ni mgeni mwenye soni,
hubisha mlangoni mwa utumbo na kurudi;
ndimu au chungwa likitangulia, huingia.
Niliyasema haya wakati wa chakula.
Baba akaniuliza kama Lyon nililipwa kwa kazi hiyo.

Usiku wa Jumatano nilisikia mfuniko.
Mama alikuwa ameshafika jikoni.
Baba amesimama gizani, bakuli kifuani,
uzi wa kijani umening'inia kidevuni.
Hakumgombeza. Alipima supu iliyobaki,
akatoa, akaandika: *Herminio, mabakuli mawili.*
Kisha akafungua kabati,
akatoa nusu ya chungwa iliyokuwa ya mumewe,
akaila yote, amesimama,
bila kuipima.

Alhamisi, mwavuli mmoja, watu wawili,
bega moja moja limelowa.
Kwa Ivone vidole viwili vilichomwa,
matone mawili, mashine mbili.
Ivone alitazama namba, akawatazama wao.
"Jana usiku mlikula nini?"

Mama aligeukia dirisha, kwenye mvua.
Baba alisema: "Mkate."